Uzi wa Mafundo Matano

Muuza mkaa wa mlango wa pili ndiye aliyeanza kusema kwamba Mama Cherehani si kipofu.

"Anaona kama wewe na mimi," aliniambia huku akinijazia kopo, macho yake kwenye geti letu. "Jana napita hapo, sijafungua hata mdomo, ananiambia, 'Hongera kwa gauni jipya, jirani.' Sasa nieleze, mdogo wangu. Kipofu gani huyo anayeona gauni jipya?"

Nikamwambia gauni jipya lina wanga wa kiwandani, hulia ukitembea, na yule mama ameshona nguo miaka arobaini.

"Haya, wanga. Na yale maua? Kila asubuhi anakata moja moja kwa mkasi. Hakati jani, hakati kidole. Hiyo nayo ni wanga?" Alikung'uta mikono. "Yule kapata njia ya kulishwa bila kufua hata soksi. Mwenzio mjanja."

Muuza mkaa alikuwa na lake moyoni. Mwaka uliopita aliomba maganda ya yale maua akapike, maana ukiyatazama ni njegere tupu, na Mama Cherehani akamkatalia. Alimwambia hizi ni njegere za maua, mbegu zake ni sumu, haziliwi na mtu wala kuku. Muuza mkaa aliondoka akisema uchoyo ameuona wa kila aina, lakini wa kusingizia sumu ndiyo kwanza anausikia.

Nilirudi nyumbani na mkaa wangu nikawasha jiko. Lakini siku ile, Mama Cherehani alipopita uani na ndoo akaikwepa kamba ya nguo kwa kuinamisha kichwa, nilijikuta namtazama macho.

Nyumba tunayokaa ina vyumba vinne na ua mmoja. Waliijenga wazazi wa Mama Cherehani na kuwaachia yeye na mdogo wake. Mdogo mtu anakaa vyumba vya mbele, na sote tunamwita mama mwenye nyumba, ingawa nyumba ni ya wote wawili. Mimi nimepanga chumba cha tatu pamoja na mume wangu dereva wa lori, ambaye hulala nyumbani siku mbili kwa mwezi, na binti yetu wa miezi saba. Chumba cha nne, kile kinachopakana na jiko na chenye ukuta mweusi wa moshi, ndicho cha Mama Cherehani.

Jina hilo alipewa na wateja. Alishona sare za shule, mapazia, magauni ya harusi, hata vitambaa vya kutandika ndani ya majeneza. Alinisimulia mwenyewe, mikono yake ikimenya vitunguu, jinsi alivyowahi kumshonea gauni la harusi mwanamke aliyekuja kumchukua mumewe. Alijua anamshonea nani. Alipima, akakata, akashona, akamkabidhi Ijumaa kama walivyoahidiana.

"Lilimkaa vizuri sana," aliniambia. "Mwanangu, hilo ndilo lililoniuma."

Kuona kulianza kumpotea kutoka pembeni. Kwanza aliona taa imepungua nguvu akanunua nyingine. Halafu akaanza kugonga bega kwenye fremu za milango. Daktari akasema ni presha ya macho, na amechelewa. Akalazwa siku chache. Aliporudi alipapasa kona ya chumba chake, pale ilipokuwa cherehani yake, mkono ukaangukia beseni la maji.

"Dada, cherehani ya kipofu ni chuma tu," mdogo wake alimwambia. "Nimemuuzia fundi wa sokoni. Angalau huko inafanya kazi."

Hilo nililisikia kwa mama mwenye nyumba mwenyewe, akilieleza kama mtu anayeeleza alivyohamisha kabati. Na nisimsingizie, naye amebeba mzigo. Miaka sita anampikia dada yake, anamfulia, anamshika mkono kwenda zahanati. Mwanzoni alimpeleka hadi chooni, mchana kwa usiku. Ukimkuta siku mbaya atakwambia ujana wake umeishia kwenye mlango wa choo.

Alichobaki nacho Mama Cherehani ni kile kipande cha ardhi chini ya ukuta wa uani, hatua kumi na mbili kwa hatua moja na nusu. Mbegu za kwanza alipewa zamani na mteja, mke wa daktari, katika bahasha. Alipokuwa anaona, maua yalikuwa mapambo tu. Alipoacha kuona yakawa kazi.

Nimeitazama kazi ile tangu nikiwa na mimba. Mbegu zina ganda gumu, kwa hiyo anaziweka mapajani na kuzikwaruza moja moja kwa wembe wa kufumulia nguo, upande wa mgongo, asiguse kovu la mbegu. Kisha anazilaza kwenye kitambaa chenye unyevu. Anachimba mtaro na kuujaza maganda ya viazi na matambara yaliyooza. Miche ikipata majani jozi tatu, anaikata kichwa.

Mara ya kwanza nilipiga kelele. "Mama, umeukata!"

"Ndiyo. Ukiuacha unakwenda juu peke yake kama mtu mwenye majivuno. Ukikatwa unatoa matawi." Akacheka. "Mimi nilikatwa nikatoa mdogo wangu na moshi wa jiko."

Mche ukipanda, unajishika kwenye kamba kwa vikono vyembamba kama uzi wa kutarizi. Maua yanakatwa kila asubuhi, yote, bila huruma, hadi mwisho wa msimu ndipo machache huachwa yazae mbegu. Likiachwa ua moja likageuka ganda, mmea unaona umemaliza kazi na kuacha kuchanua. Kwa hiyo kila asubuhi ua wote ulinukia, na kila asubuhi vikombe vya nyumba vilijaa maua hadi mama mwenye nyumba akawa anakunywa chai kwenye kopo la maziwa akiguna.

Kulikuwa na ua moja alilokuwa akilitafuta. Mwaka wa mwisho wa macho yake, mmea mmoja ulitoa ua jeusi-buluu, rangi ya wino. Hakulitazama vizuri, maana alikuwa na gauni la mtu la kumaliza, akasema kesho. Kufikia wiki iliyofuata rangi zote zilikuwa majivu. Aliacha mmea ule ubebe mbegu, akazipanda, zikatoa waridi, nyekundu, nyeupe na zambarau, kila kitu isipokuwa ile. Akapanda mbegu za hizo. Na za hizo. Misimu sita, kwa macho ya kuazima.

Mwanzoni aliazima ya mdogo wake, ambaye alichoka mapema na kuanza kujibu, "Yote mekundu, dada, ingia ndani." Nilipohamia mimi, akaazima yangu.

"Nyekundu kama nini?" alikuwa akiniuliza. "Kama damu au kama nyanya?"

"Kama nyanya."

"Mbichi au iliyoiva?"

"Mama, ni nyanya!"

"Wewe ulisoma hadi darasa la saba, usiniambie nyanya ni nyanya."

Nilijifunza kutazama. Na kwa sababu nilikuwa na nepi za kufua na mtoto mgongoni, tukawekeana utaratibu. Kila mmea ukitoa ua la kwanza, namtajia rangi, naye anafunga uzi kwenye shina chini kabisa: fundo moja ni nyeupe, mawili waridi, matatu nyekundu, manne zambarau. Baadaye, akipita kufanya kazi, anashika uzi na kusema rangi kwa sauti. Akikosea, nasema. Akipatia, naendelea kufua. Kunyamaza kwangu ndiko kulikuwa ndiyo. Tulifanya hivyo msimu mzima na hatukuwahi kupotezana.

Jumanne ya wiki ile ya maneno ya muuza mkaa, mmea ulio karibu na bomba ulifungua ua lake la kwanza. Niliacha nepi zikidondosha maji.

"Mama."

"Nini? Mtoto kaanguka?"

"Lipo. Kama wino uliomwagika kwenye daftari ukakauka."

Alikuja akipapasa ukuta, nikauongoza mkono wake. Alilishika ua kwa ncha za vidole kama mtu anayekagua hariri, akainama akalinusa. Alikaa kainama hivyo muda mrefu hadi nikadhani kiuno kimemkamata. Kisha akatoa uzi mfukoni na kufunga mafundo matano, akayarudia kuyahesabu kwa ukucha, akaufunga kwenye shina.

"Huu hatuukati maua," alisema. "Huu unazaa. Jumamosi saa kumi jioni naing'oa mingine yote."

Nikamuuliza kwa nini aing'oe. Akanieleza kwamba maganda yakikauka hujipinda, yakapasuka yenyewe na kurusha mbegu huku na huku, na mbegu zote zinafanana mkononi. Mwenye macho angeokota. Yeye angechanganya, na miaka sita ingerudi mwanzo. Ubaki mmoja peke yake, hapo ganda lolote atakaloligusa litakuwa ni lenyewe.

Usiku huo alimwimbia binti yangu hadi akalala. Mdogo wake alinong'ona kwa muuza mkaa kwamba dada siku hizi anaimba, na vipofu wangapi wanaimba?

Maana maneno ya muuza mkaa yalikwisha kuingia nyumba ya mbele. Nilimwona mama mwenye nyumba alivyobadilika. Akawa anasogeza kiti katikati ya njia na kusimama kutazama. Mama Cherehani alikuwa anasikia kiti kikiburuzwa, kwa hiyo alikizunguka. Mdogo wake akawa anarudi ndani akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Miaka sita," nilimsikia akisema dirishani. "Miaka sita namshika mkono! Kama ananichezea, Mungu anisamehe, lakini sitamsamehe."

"Mjaribu na kitu anachokipenda," muuza mkaa alimwambia. "Kwa kiti hatashtuka. Mjaribu kwenye maua."

Jumamosi asubuhi nilikuwa naanika. Mama Cherehani alikuwa ndani akichana nywele. Mama mwenye nyumba alitoka na kandambili mkononi asisikike, akachuchumaa kwenye bomba, akafungua uzi wa mafundo matano. Akafungua na wa mafundo matatu kwenye mmea wa jirani yake, ule mwekundu wa nyanya. Akazibadilisha. Halafu akalichuma lile ua la wino pamoja na jingine lililokuwa limefunguka nusu, akayatumbukiza kwenye mfuko wa aproni, yasije yakautambulisha mmea kwa harufu. Aliponiona nimesimama na nepi mkononi, aliweka kidole mdomoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtoto anayejificha.

"Ukisema," alininong'oneza alipopita, "utajua nani mwenye chumba. Lakini hata wewe unataka kujua, mama kichanga. Sema hutaki."

Ningetaka kuandika kwamba niliogopa kupoteza chumba tu. Mume wangu alikuwa safarini, na mtu mwenye mtoto wa miezi saba hahami kirahisi. Lakini alikuwa amesema kweli. Tangu ile siku ya kamba ya nguo nilitaka kujua.

Nilijiambia: kama anaona, atauona uzi umehama na atacheka, na yataisha. Kama haoni, nitasema mimi kabla hajavuta. Nilikuwa na siku nzima ya kujiambia hivyo.

Saa kumi walikuja. Muuza mkaa alivua viatu getini. Kinyozi wa jirani, ambaye hana kazi alasiri, aliegemea ukuta kwa upande wake huku kidevu chake kikiwa juu ya matofali. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni mwa jiko akiwa ameshika mwiko. Mimi nilikaa mbele ya karai langu, mtoto mgongoni.

Mama Cherehani alitoka na gunia la kukusanyia na ile mitandio yake miwili ya kazini, mmoja kichwani mmoja kiunoni. Alisikia maji ya karai langu, akageuza uso upande wangu na kutabasamu, kisha akapiga magoti mwisho wa mstari.

"Mawili," alisema akishika uzi. "Waridi."

Kweli ilikuwa waridi. Nikaendelea kufua. Aliufumua mmea kwenye kamba, akavuta. Mizizi ilitoka na sauti kama kitambaa kinachochanwa.

"Moja. Nyeupe. Ulinukia vizuri wewe, samahani."

Akavuta.

"Manne. Zambarau ya kuchoka."

Kinyozi alizuia kicheko kwa mkono. Hivyo hivyo akaenda, magoti yakiacha mifereji kwenye udongo, hadi akakaribia bomba. Nilikuwa nimeacha kufua bila kujua. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji na maji yametulia.

Alishika shina. Akashuka kwa vidole hadi kwenye uzi.

"Matatu," alisema.

Akasita. Akapeleka mkono kulia, akagusa bomba, akaurudisha. Alionekana kama mtu anayehesabu hatua za nyumba aliyohamia jana.

"Nilidhani huyu yuko mbele kidogo," alisema kwa sauti, kama mtu anayezungumza peke yake. "Matatu. Nyekundu ya nyanya."

Akangoja.

Muuza mkaa alikuwa ameinama mbele, mikono magotini. Mama mwenye nyumba aliubana mwiko kifuani, na nitasema hili kwa ajili yake: midomo yake ilikuwa ikisema acha, acha, bila sauti. Binti yangu alikohoa mgongoni, kikohozi kidogo cha mafua. Mama Cherehani alikisikia. Niliona uso wake ukilegea kama wa mtu aliyeitwa jina lake. Alingoja kidogo tena, kichwa kimeinama upande wangu.

Sikusema.

Akavuta.

Ulikuwa na mizizi mirefu kuliko yote, ulikataa kwanza, akaweka goti na kuvuta kwa mikono miwili. Ulipotoka ulimwangusha kitako, na kinyozi akacheka, kicheko kimoja kilichomponyoka, akajifunika mdomo. Kwa mshtuko wa kuanguka, Mama Cherehani alikuwa ameubana mmea kifuani. Kulikuwa na ua moja juu kabisa, lililofunguka mchana baada ya mdogo wake kuchuma yale mengine. Lilimgusa shavu.

Alilinusa.

Hakulia. Alinusa tena, polepole, kama tunavyonusa maziwa tusiyoyaamini. Kisha mkono wake ulikwenda kwenye mmea wa pili, ukashuka kwenye uzi, na ukucha ukapita juu ya mafundo. Moja, mawili, matatu, manne, matano.

"Jamani," muuza mkaa alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "kumbe kweli haoni."

"Si nilikwambia?" alidakia kinyozi, ambaye hakuwa amemwambia mtu chochote.

"Ulinambia lini, wewe?"

Mama mwenye nyumba alikuja na mwiko wake. "Dada, inuka, udongo una baridi. Ni maua tu. Tutapanda mengine." Alitaka kumshika kwapa. Mama Cherehani aliutoa ule mkono mwilini mwake bila nguvu, kama mtu anayetoa pini kwenye kitambaa.

"Ulikuwa unataka kujua," alisema.

"Watu wanasema, dada. Na mimi ni binadamu."

"Umejua?"

Mdogo wake aliugeuza mwiko mkononi. Alisimama, kisha akarudi jikoni, na nikasikia sufuria zikigongwa kwa nguvu. Muuza mkaa alivaa viatu vyake. Getini alinishika mkono na kuninong'oneza kwamba hakukusudia, yeye alidhani mama atacheka tu, na je, yale maganda ni sumu kweli? Nikamwambia ni sumu. "Basi kumbe alikuwa anasema kweli yote," alisema, akaenda zake. Kidevu cha kinyozi kilikuwa kimeshatoweka ukutani.

Nilibaki na karai. Nilifikiri nikinyanyuka taratibu, nikapita upande wa jiko, ningeweza kufika chumbani kwangu.

"Mtoto ana mafua tangu lini?" Mama Cherehani aliuliza.

Nikasema tangu jana.

"Nilimsikia. Nilisita, halafu nikamsikia. Nikasema, aa, yupo. Kama ningekuwa nimekosea angesema." Alikuwa ameuweka mmea mapajani na vidole vyake vilikuwa vikitembea juu yake bila kupumzika, kutoka mizizini hadi juu. "Kwa hiyo nikavuta kwa nguvu. Ningekuwa na wasiwasi ningevuta polepole, labda ungekatika mizizi michache tu."

Nilianza kusema neno, sijui lipi. Aliinua mkono.

"Hayo utasema siku nyingine. Huu unanyauka, nausikia majani yanalegea. Haurudi ardhini, mizizi imechanika. Lakini ncha zinaweza kutoa mizizi kwenye mchanga mbichi, kama hazina tumba la ua. Ncha yenye tumba inaoza. Na tumba changa ni dogo kuliko kichwa cha pini, kidole changu hakilipati." Akatoa wembe kwenye pindo la mtandio wa kiunoni na kuunyoosha, si upande wangu hasa, mbele tu. "Ningekuwa na mtu mwingine uani hapa ningemwomba yeye. Sina. Mvue mtoto mgongoni umkalishe nimsikie. Chukua huu, njoo ukae, tuanze na ile ya juu. Kila ncha nikiishika nitasema ninavyodhani, nawe useme. Hata nikiwa nimepatia, mwanangu. Naomba useme."